Shati Lisilo na Mtu

Wimbi lililitema shati miguuni pake.

Hapo ndipo tulipomwacha Sindano wiki iliyopita, msomaji, na ninajua wapo walioninunia kwa kuwakatia uhondo. Haya, tuendelee kabla maji hayajalirudisha.

Shati lilikuwa la mumewe. La buluu, na kifungo kimoja cha kifuani kimeshonwa kwa uzi mweusi, kwa kuwa siku ile uzi wa buluu ulikuwa umemwishia naye alikuwa na haraka. Hakuna shati jingine duniani lenye kifungo kile. Lilikuja limetanua mikono, likarudi, likaja tena, kama mtu anayejikongoja kutoka majini akashindwa.

Ndani yake hamkuwa na mtu.

"Dereva!" Sindano aliita. "Dereva, uko wapi?"

Baba mmoja alikuwa akimfukia mwanawe miguu kwa mchanga. Wasichana walikuwa wakipigana picha. Redio ya mtu ilikuwa ikiimba. Pwani nzima ilikuwa inacheka, na yeye peke yake amesimama maji yamemfika magotini, hajui kuogelea hata kwa kusingizia.

Kwa aliyeanza kutusoma leo: Sindano si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na mashoga zake wa cherehani, kwa sababu ya wembamba wake, na zaidi kwa sababu ya ulimi wake. Kazi yake ni kushona magauni ya maharusi. Mumewe huendesha gari la wagonjwa, na mtaa mzima, mkewe akiwemo, humwita Dereva. Hawajamaliza mwaka katika ndoa. Hii ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kutoka pamoja pasipo harusi wala msiba. Walifika asubuhi, wakatandika mkeka, wakala, wakataniana. Dereva akaingia kuogelea. Sindano akafumba macho kidogo tu.

Kidogo tu! Usingizi hauna kidogo.

Alilinyakua lile shati akageuka kukimbilia waokoaji. Akapiga hatua moja. Ya pili ikamgomea.

Dereva aliingia majini kifua wazi.

Shati alilivua mbele ya macho yake, akalikunja vizuri kama analirudisha dukani, akalitia kikapuni. Na kikapu kilikuwa kando ya kichwa chake muda wote aliolala.

Sasa shati limefikaje baharini?

Alirudi kwenye mkeka taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mbwa. Kikapu kilikuwa wazi. Chupa ya maji ilikuwemo. Taulo lilikuwemo. Funguo za gari, hakuna. Simu ya Dereva, hakuna. Na mchangani, pale pale alipokuwa amelaza kichwa, palikuwa na alama za viatu. Viatu vya ngozi, vyenye kisigino.

Nani huja kuogelea na viatu vya ngozi?

Mtu alikuwa amemwinamia akiwa usingizini. Amemwinamia kwa karibu, kiasi cha kusikia pumzi zake.

Alimwendea mama aliyekodisha viti na miavuli, mama mnene mwenye kofia pana, ambaye kazi yake ya pili, isiyo na mshahara, ilikuwa kujua mambo ya watu. Wote pale walimwita Mama Miavuli.

"Shikamoo mama. Umemwona mume wangu? Yule mrefu niliyekuja naye, ana kovu begani."

"Marahaba mwanangu. Mbona ametoka zamani!" Mama Miavuli alisema huku akifuta kiti. "Ametoka majini na mwenzake, wamekumbatiana hao! Nikajisemea, kumbe wanaume nao wakipendana wanapendana."

"Mwenzake yupi?"

"Wa shati jeupe. Kavaa kama anakwenda ofisini. Alimpelekea taulo mpaka ukingoni mwa maji."

"Walikumbatiana vipi, mama? Hebu nionyeshe."

Mama Miavuli hakuona taabu. Alimpitishia mkono mmoja shingoni, akamvutia kwake. Mkono wa pili akaukandamiza ubavuni pake.

"Hivi. Ila huu wa chini ulikuwa umefunikwa na taulo. Sikuuona."

Ubavu wa Sindano ukafa ganzi.

"Na mume wangu alikuwa anacheka?"

Mama Miavuli akafikiri. Uso wake ukaanza kubadilika.

"Sasa ukiniuliza hivyo... La. Mwenzake ndiye aliyekuwa akicheka kwa niaba ya wote wawili. Kwani kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, mama," Sindano alisema, na sauti yake ikamsaliti.

Sasa alielewa. Aliyelitupa shati majini alitaka watu watazame baharini. Alitaka jioni ifike, waokoaji wapige mbizi, majirani waje na pole zao, na Sindano aketi mchangani akilia mjane wa mtu aliyezama. Na wakati huo wote Dereva atakuwa nchi kavu, mahali ambapo hakuna anayemtafuta.

Na alijua kwa nini.

Mnamkumbuka yule mzee mwenye kiwanda cha unga? Katikati ya juma Dereva aliitwa nyumbani kwake kuchukua maiti. Wanawe walikuwa wamekwisha kulia, daktari wao alikuwa amekwisha kusema kwamba amekufa. Dereva akaupakia mwili, akaondoka kuelekea mochwari. Alirudi nyumbani jioni ile hana rangi, akasimama jikoni ameshika kikombe kisicho na kitu.

"Sindano, leo nimebeba maiti ikakohoa."

"Acha utani wako."

"Imekohoa, halafu ikaniambia, 'Usinirudishe kwa wanangu.'"

"Ukampeleka wapi?"

"Usilolijua hutaulizwa," Dereva alijibu, na tangu hapo akafunga mdomo. Akawa halali usingizi, hali chakula. Mpaka Breki, dereva mwenzake, aliposema basi imetosha, mtu huyu ataanguka: nendeni pwani mkapumzike, zamu yako nitaishika mimi.

Ndiyo maana walikuja kupumzika. Mapumziko gani haya!

Simu ikalia.

Ilikuwa simu yake mwenyewe, aliyokuwa ameifutika kiunoni kwenye kanga. Jina lililoandikwa kwenye kioo lilikuwa la mumewe. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Dereva!"

"Hujambo, mke wangu mpenzi," ikasema sauti ya mumewe.

Sindano alisimama kama mti. Tangu wajuane, Dereva hajawahi kumwita mke wangu mpenzi. Angemwita hivyo, wangecheka mpaka walale chini.

"Niko nyuma ya mawe makubwa," sauti iliendelea, polepole, kama mtu anayesomeshwa. "Gari nimelisogeza huku kuna kivuli. Kusanya vitu mje. Usimwache mtoto."

Mtoto.

Hawakuwa na mtoto. Hawakuwa hata na paka.

Nyuma ya sauti ya mumewe aliisikia pumzi nyingine. Kulikuwa na mtu anasikiliza, sikio kwa sikio. Sindano alihisi ulimi umekuwa mzito kama pasi. Lakini jina hakupewa bure.

"Sawa, baba," alisema. "Namvisha viatu kwanza. Ana mchanga mwili mzima."

Upande wa pili Dereva alishusha pumzi ndefu. Alikuwa ameeleweka.

"Usikawie," alisema, na simu ikakatwa.

Sindano aliitazama simu. Njoo na mtoto. Maana yake usije, hilo aliling'amua papo hapo. Lakini kulikuwa na jambo jingine ndani yake, na lilimjia pale alipoinua macho akamwona mwanamume akitokea kwenye mawe makubwa, anatembea mchangani na viatu vya ngozi.

Shati jeupe. Suruali ya kupigwa pasi. Uso wa mtu wa kawaida kabisa, ungempisha kwenye foleni.

Hakuja kwa Sindano. Alikuwa akitazama chini ya kila mwavuli, na kila alipoona mwanamke peke yake alimruka, akapita. Alikuwa anatafuta mama mwenye mtoto.

Dereva alikuwa amemtengenezea mkewe vazi la uongo na kumvisha kwa simu. Watekaji wamtafute mke mwenye mtoto. Yeye asiye na mtoto apite katikati yao.

Lakini aliyemwinamia kichwani alimwona uso, Sindano aliwaza. Au sivyo? Alilala kifudifudi, kanga imemfunika kichwa kwa ajili ya jua. Mtu huyo hakuona kitu ila kisogo na kikapu. Mungu wangu, na iwe hivyo.

Shati Jeupe alifika. Alisimama mbele yake, akamziba jua.

"Samahani dada. Umemwona mama hapa ana mtoto mdogo? Mumewe kanituma."

Sindano alilikalia lile shati la buluu. Hakukumbuka ameketi saa ngapi kwenye mkeka huu wa watu wengine, kikapu amekificha nyuma ya mgongo. Maji yalikuwa yakipenya kwenye kanga, yakimpoza mapaja.

"Kaka, leo siku ya mapumziko," alijisikia akisema. "Kila mama hapa ana mtoto. Huyo wako anaitwaje?"

Mwanamume akatabasamu. Meno mazuri. "Jina limenitoka."

"Mke wa rafiki yako, jina limekutoka?"

Ulimi! Ulimi huo! Alitamani aurudishe. Shati Jeupe hakuondoka. Alimtazama kwa makini zaidi, kisha akautazama mkeka, uliokuwa na alama za watu wawili.

"Na wewe umekuja na nani, dada?"

"Na mama yangu," Sindano alisema, akanyoosha kidole kwa Mama Miavuli. "Yule pale. Mama! Njoo umsaidie huyu kaka!"

Mama Miavuli aligeuka. Macho yake yakatua kwenye shati jeupe, yakashuka mpaka kwenye viatu, yakarudi kwa Sindano. Sikwambii mama huyu alikuwa na elimu gani, lakini miaka mingi ya kutazama watu si mchezo.

"Nina kazi, mwanangu!" alipayuka. "Kila saa mama, mama! Mwambie aulize kwa waokoaji!"

Shati Jeupe alicheka kidogo, akaaga, akaondoka.

Sindano aliachia pumzi. Alikuwa amepona. Angeweza kuinuka sasa hivi, akapita nyuma ya vibanda vya kubadilishia nguo, akatoka barabarani, akaenda polisi. Tayari alikuwa ameshika kikapu.

Ndipo alipomwona yule msichana.

Alikuwa mwembamba kama yeye, rika lake, amekaa peke yake chini ya mwavuli wa mwisho, karibu na mawe. Mapajani alikuwa na mtoto wa kike mwenye kofia ya manjano, anamvisha viatu.

Anamvisha viatu.

Shati Jeupe alikuwa amemwona pia. Hakuwa anatazama chini ya miavuli tena. Alikuwa ananyoosha moja kwa moja, mkono mmoja umeingia mfukoni.

Msomaji, usinihukumie Sindano. Hofu haina adabu. Kwa muda wa pumzi moja alisema moyoni: afadhali yule. Simjui. Mume wangu amenifungulia mlango, nitoke. Akapiga hatua kuelekea vibandani. Akapiga nyingine.

Yule mtoto akacheka. Kicheko kidogo, cha kuchekeshwa nyayo.

Sindano akatupa kikapu chini, akaweka viganja mdomoni.

"Mtoto anazama! Jamani, mtoto anazama! Mtotooo!"

Hujapata kuona pwani ikigeuka hivyo. Redio ilizimwa. Miavuli ilianguka. Waokoaji walichomoka mbio, wanaume wakarukia maji na suruali zao, na kila mama aliyekuwa na mtoto alimnyakua wake akambana kifuani akipiga kelele jina lake. Kufumba na kufumbua, palipokuwa na mama mmoja mwenye mtoto pakawa na umati wa mama wenye watoto, wote wanakimbia, wote wanalia, na katikati yao mwanamume mwenye viatu vya ngozi anazungushwa kama pia ya mtoto.

Sindano alimfikia yule msichana, akamshika mkono.

"Dada, kimbia! Panda barabarani, ingia palipo na watu, usimfuate mtu yeyote aliyevaa shati jeupe!"

"Kwa nini? Wewe nani?"

"Kimbia tu, mama, kwa ajili ya huyu!"

Msichana aliuona uso wa Sindano, akakimbia. Kofia ya manjano ikapotea nyuma ya vibanda.

Na king'ora kikalia.

Kilitokea upande wa mawe makubwa, ilhali Mama Miavuli alikuwa bado ameshika simu sikioni, anawaeleza hospitali pwani yenyewe ni ipi. Gari jeupe la wagonjwa liliruka tuta, likasimama mchangani. Mlango wa mbele ukafunguliwa akashuka mtu mfupi mwenye kitambi, kofia kaigeuza nyuma.

Breki!

Sindano alikaribia kuanguka kwa furaha. Breki, msimamizi wao wa harusi. Breki aliyecheza harusini mpaka soli ikabanduka. Breki wanayemtania kwamba alipewa jina hilo kwa kuwa ndicho kitu asichokijua. Alimkimbilia, akamshika mabega.

"Shemeji! Shemeji, wamemchukua Dereva!"

"Taratibu, shemeji, taratibu. Nani amezama?"

"Hakuna aliyezama, nimedanganya. Kuna mtu hapa ana silaha. Dereva yuko nyuma ya mawe, wamemlazimisha anipigie simu. Ni mambo ya yule mzee!"

Breki alitazama huku na huku. Uso wake ulikuwa na jasho.

"Kakwambia mzee alimpeleka wapi?"

"Hakuniambia chochote. Shemeji, twende polisi!"

"Twende. Lakini usikae mbele, watakuona. Panda nyuma ulale chini ya kiti. Upesi!"

Alifungua mlango wa nyuma kidogo tu, nafasi ya mtu mwembamba. Sindano aliingia kichwa kwanza. Mama Miavuli alikuwa anakuja mbio akipunga mkono, kofia pana imemwanguka. Alikuwa anasema kitu. Mlango ukafungwa kabla maneno yake hayajamfikia.

Kisha likasikika komeo. Kwa nje.

Ndani mlikuwa na giza la vioo vya ukungu, na harufu ya dawa. Sindano alitambaa, akaushika ubaridi wa machela. Akashika mguu wa mtu.

Mguu ukajitikisa.

Alikuwa amelazwa chali kifua wazi, bado ana mchanga kwenye nywele. Mikanda ya mgonjwa imemkaza kiunoni na miguuni, mikono imefungwa mbele kwa kamba, mdomo umebandikwa plasta. Macho yake yalikuwa wazi. Yalimtazama mkewe kama mtu anavyotazama nyumba yake ikiungua.

"Dereva wangu," Sindano alinong'ona.

Sasa ndipo alipojiuliza swali alilotakiwa kujiuliza mchangani. Gari la wagonjwa limefikaje kabla ya kuitwa? Na nani duniani alijua kwamba leo wako pwani, ila yule aliyewatuma?

Kikulacho ki nguoni mwako. Breki alikuwa suti nzima.

Gari liliruka mbele. Sindano alibandua plasta, na ngozi kidogo ikaja nayo.

"Nilikwambia uje na mtoto ili usije! Breki alikuwa hajafika bado, hakuna aliyejua kwamba hatuna mtoto!" Dereva alisema kwa sauti ya kukwaruza.

"Sikwenda! Nimepanda mwenyewe, kwa miguu yangu. Nimemshika hadi mabega nikimshukuru."

Sindano akarukia mlango, akapiga ngumi, akapiga mateke, akaita watu kwa jina la Mungu. Breki akawasha king'ora.

Aliita mpaka koo likauma. Nje, magari yalikuwa yanawapisha njia. Watu wanasimama pembeni wanasema, maskini, kuna mgonjwa mahututi mle. Kila alipozidi kupiga kelele ndivyo king'ora kilivyozimeza, na ndivyo barabara ilivyofunguka.

Kidirisha cha mbele kikateleza. Shavu la Breki likaonekana, na pembeni yake bega la shati jeupe, limechafuka mchanga.

"Shemeji, nisamehe. Mimi nawe hatuna ugomvi," Breki alisema, na kwa kweli alionekana kama mtu anayetaka kutapika. "Dereva, ndugu yangu, unaapa hujui, nami nakujua, hata tukikuua husemi. Haya, hatukuui wewe. Mkeo huyu hapa. Mzee yuko wapi? Tukifika machimbo ya mawe sitauliza mimi, atauliza huyu."

Kidirisha kikafungwa nusu.

Sindano aliinama mpaka paji la uso wake likagusana na la mumewe.

"Waambie, Dereva. Mzee wa watu, Mungu atamlinda. Waambie."

"Sijui."

"Usinifiche mimi!"

"Sijui alipo, Sindano. Nilisimama kwenye zahanati, nikashuka kumwita muuguzi. Niliporudi machela ilikuwa tupu. Mzee kashuka kwa miguu yake, kaenda." Machozi yalimtiririka kuelekea masikioni. "Nilimpoteza mgonjwa. Niliona aibu kukwambia. Nimewaapia tangu wanishike, hawaamini."

Alikuwa anasema kweli. Dereva hakujua kumdanganya mkewe. Hata wakicheza karata alikuwa anazitaja zake mwenyewe.

Basi hakukuwa na jibu. Walikuwa wanapelekwa machimboni kwa ajili ya jibu ambalo halikuwepo, na hakuna atakayeamini kwamba halipo.

Sindano akainuka, akagonga kidirisha kwa konde.

"Breki!" Hakumwita shemeji. "Mnamtesa mtu asiyejua. Mzee ninaye mimi."

Kidirisha kikafunguka chote. Safari hii macho yalikuwa ya Shati Jeupe.

"Wewe?"

"Dereva alimleta nyumbani akamwacha. Yeye ana moyo wa kuku, nikamhamisha mimi mwenyewe bila kumwambia. Ukitupeleka machimboni hutampata mpaka aende mwenyewe polisi."

Nyuma yake alimsikia mumewe akiacha kupumua.

Shati Jeupe hakuwa mjinga. Alimtazama kwa muda, anapepesuka na mwendo wa gari, tabasamu lile lile la kuulizia njia.

"Kama unaye, umemwona mikono. Mkono upi una kasoro?"

Sindano hakuwahi kumwona yule mzee hata kwenye picha.

Gari liliruka shimo, akaanguka nyuma, mgongo ukagota machela. Na hapo, gizani, mahali ambapo kidirisha hakioni, vidole vilivyofungwa kamba viliushika mkono wake. Wa kushoto. Vikatafuta kidole chake kidogo. Vikakikunja, vikakikunja mpaka kikafika kiganjani, vikakishikilia hapo.

Dereva alikuwa amembeba mzee yule.

"Kushoto," Sindano alisema. "Hana kidole cha mwisho. Una swali jingine, au unataka nikuimbie?"

Wanaume wawili wakatazamana.

King'ora kikakatika. Gari likapunguza mwendo, likasimama, injini ikinguruma.

"Haya," Shati Jeupe alisema taratibu. "Tumefika njia panda ya tangi la maji. Tuongoze. Tunakwenda kulia, au kushoto?"

Hakuwa amefikiria mpaka hapo. Alitafuta mahali, mahali popote penye watu, kituo, soko, shule, na kichwa kikawa cheupe kama gauni lisilokatwa. Mkono wa mumewe ulikuwa unamminya kiganja. Kule mbele, kitu cha chuma kikagonga kwenye kidirisha, mara moja, kwa upole.

"Kulia," Sindano alisema.

Gari likapinda.

Na ndipo damu ilipomkimbia usoni, kwa maana njia ile ya kulia aliijua hata amefumba macho. Ameipita tangu utotoni, kila siku, kutoka shuleni, kutoka sokoni. Mwisho wake hapakuwa na kituo wala soko. Palikuwa na nyumba moja ya bati yenye mlango wa kijani usiofungwa mchana, na mlangoni, saa kama hizi, mama yake mzazi huwa ameketi peke yake, anachambua mchele, na kila gari linalosimama hulikaribisha kabla hajajua ni la nani.